Je, wajua kwa nini nyimbo za tango zimejaa vilio vya mapenzi?

Ukifuatilia maneno ya nyimbo za tango za Argentina, utadhani kila mwimbaji ameachwa. Hazikuanza hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mitaa ya walalahoi ya Buenos Aires na ya Montevideo, ng'ambo nchini Uruguay, tango ilikuwa ngoma ya kuchezwa, na maneno yaliyoimbwa mara nyingi yalikuwa ya utani na mizaha ya aibu.

Mkondo ulibadilika mwaka 1917, mwimbaji Carlos Gardel aliporekodi "Mi noche triste", maneno ya Pascual Contursi yaliyotungwa juu ya muziki wa Samuel Castriota. Mwanamume ameachwa, naye anatutembeza chumbani mwake. Usiku hafungi mlango, huenda mpenzi akarudi. Bado ananunua vibiskuti vya kunywea mate, kinywaji cha majani wapendacho Waargentina, kama enzi zile walipokuwa wawili. Kitanda kimenuna kwa kutowaona pamoja. Gitaa limetundikwa kabatini, halina wa kuliimbia. Kioo kimeingia ukungu, kana kwamba kimelia. Yeye mwenyewe anaishia kusema kwamba akiiona hali ya chumba kile anatamani kulia. Machozi yameachiwa kioo, na kwangu mimi hapo ndipo penye ufundi wa wimbo wote.

Mbona uliwachoma watu kiasi kile? Kwa sensa ya 1914, karibu nusu ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa wamezaliwa nje, wengi wao Italia na Hispania, na miongoni mwa wahamiaji wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Wengi walibanana kwenye nyumba za kupanga, chumba kimoja kimoja kuzunguka ua. Mtu aliyeacha wazazi na ndugu ng'ambo ya bahari, akiachwa na mpenzi pia, alibaki hana wa kumlilia. Tena mwanamume wa mitaa ile alitakiwa awe jabali. Kulia mbele ya wenzake ilikuwa fedheha. Ndani ya wimbo aliruhusiwa.

Ruhusa hiyo lakini ilikuwa na upendeleo. Watunzi wengi walikuwa wanaume, hivyo mwanamke huonekana msaliti, na ni nadra kuulizwa kwa nini aliondoka. Anayesifiwa bila kuchoka ni mama. Hata Azucena Maizani, mmoja wa waimbaji wa kike mashuhuri wa miaka ya 1920, mara nyingi alipanda jukwaani kwa mavazi ya kiume.

Baada ya mdororo wa uchumi wa 1929, kidonda kilipanuka. Katika "Yira, yira" ya 1930, mtunzi Enrique Santos Discépolo hamlilii mpenzi tena. Anamwimba mtu anayechakaza viatu akitafuta senti ya chakula, naye safari hii aliyemtupa ni dunia nzima.