Springi za kushusha gari: zile sentimita tatu zinatoka wapi?

Magari madogo ya Tanga, hizi Vitz, IST, Passo, Demio na Fit, mengi yakifikishwa gereji kwa habari ya springi ni ili yanyanyuliwe. Mwenye gari anataka spesa au springi ndefu kwa sababu anakaa Duga au Mikanjuni, na masika yakishachimba barabara ya mtaa, bampa ndiyo ya kwanza kuonja mawe. Wapo wachache wanaokwenda upande wa pili. Wanaagiza springi za kushusha, wanalipa pesa nzuri, na gari linakaa chini, tairi zimejaza tao la madigadi bila ule uwazi wa kupitisha ngumi. Kupendeza linapendeza, sibishani na hilo.

Springi ya kushusha ni springi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa aina maalumu ya gari, fupi kuliko ile iliyokuja na gari na ngumu kuliko hiyo. Inakaa mahali palepale pa springi ya zamani, na inashusha bodi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye boksi, mara nyingi kati ya milimita 20 na 40. Usiichanganye na shokapu zenye uzi, zile ambazo fundi anaweza kuzungusha kikombe cha springi akapandisha au kushusha gari atakavyo. Springi ya kushusha haina marekebisho. Ukishaifunga, kimo chake ndicho hicho.

Watu wengi husikia neno "fupi" wakasahau neno "ngumu", na hapo ndipo hesabu inapowapotea.

Springi hubonyea kulingana na uzito inaobebeshwa. Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni hiyo mwaka 1678 na bado ndiyo inayotumika: uzito ukiongezeka maradufu, kubonyea nako kunaongezeka maradufu. Ugumu wa springi kwenye karatasi za Kijapani huandikwa kwa kilo kwa kila milimita. Springi ya kilo 2.5 maana yake kila kilo 2.5 unazoiwekea, inashuka milimita moja.

Chukua IST. Bila watu ina uzito wa karibu tani moja, kwa hiyo tufanye kila kona inabeba kilo 250. Kwa kweli mbele ni zaidi na nyuma ni pungufu, maana injini iko mbele, ila hesabu ya mfano inatosha. Ukiweka springi ya ugumu wa kilo 2.5, inabonyea milimita 100 gari likiwa limesimama tu. Ukiweka ya kilo 3, inabonyea milimita 83. Umeona? Springi ngumu peke yake *inapandisha* gari, kwa milimita 17. Ndiyo maana kiwanda kinachotaka kukushushia gari milimita 30 kwa springi ya kilo 3 hakikupi springi fupi kwa milimita 30. Kinakupa iliyo fupi kwa milimita 47: 17 za kufuta ule ugumu, na 30 za kushusha. Ukiziweka springi mbili chini kwenye sakafu ya gereji, ya zamani na mpya, tofauti utakayoiona kwa macho ni kubwa kuliko ile uliyoahidiwa, na wengi hudhani wametumiwa za gari jingine.

Sasa kwa nini kujitaabisha na ugumu? Kwa nini isiwe fupi tu na laini kama ya kwanza?

Kwa sababu ya nafasi ya kubonyea. Gari likiwa limesimama, shokapu imeingia nusu, na imebakiwa na nafasi fulani ya kuingia zaidi tairi likipanda tuta. Nafasi hiyo ikiisha, shokapu inagota: kuna raba kwenye fimbo yake, raba ya kugotea, ambayo kazi yake ni kupokea pigo la mwisho ili chuma kisigonge chuma. Gari la kawaida lenye nafasi ya milimita 90, ukilishusha milimita 30, limebaki na 60. Hizo 30 hazikuzaliwa. Zimetolewa kwenye nafasi ya kubonyea, na hili ndilo jibu la swali la pale juu. Springi inafanywa ngumu ili ile 60 iliyobaki iweze kumeza tuta lilelile ambalo zamani lilikuwa na 90 ya kulimeza. Nafasi hiyo ni kama salio la simu: hujui limeisha mpaka linapokukatikia katikati ya maongezi.

Twende Muheza msimu wa machungwa. Umekwenda na ndugu wawili kiti cha nyuma, mnarudi Tanga na machungwa yamejaa buti. Sema nyuma kumeongezeka kilo 200, yaani kilo 100 kwa kila springi. Springi ya kiwandani ya kilo 2.5 inashuka milimita 40, na kwenye zile 90 zinabaki 50. Springi ya kushusha ya kilo 3 inashuka milimita 33 tu, inaonekana imara, lakini ilianza na 60, kwa hiyo imebakiwa na 27. Milimita 27 ni upana wa vidole viwili vilivyobanana, hata havifiki. Na mbele yako kuna matuta na rasta za kila kijiji mpaka uingie Pongwe. Utaisikia: *duk*, kisha sauti ya chuma, kisha ndugu wa nyuma anauliza, "Kaka, hiyo nini?"

Kwa hiyo ukienda kununua, swali la "zinashusha ngapi?" ni la mwanzo tu. La pili, na kubwa zaidi, ni "zinabakiza ngapi?" Muuza spea hatakujibu. Fundi anayejua kazi atakujibu kwa kuingia chini ya gari na tochi.

Kuna springi ambazo ugumu wake unapanda kadiri zinavyobonyezwa. Utazitambua kwa jicho: mizunguko ya upande mmoja imekaribiana na ya upande mwingine imeachana. Ile iliyokaribiana inalaliana kwanza, inatoka kazini, na mizunguko michache iliyobaki ndiyo inayobeba, hivyo springi inakuwa ngumu. Kwa mtu anayeendesha peke yake siku za kazi na kubeba familia Jumapili, ningemshauri hizi kuliko za ugumu mmoja.

Na sasa jambo linalonikera. "Fundi, kwani lazima ninunue? Zikate kidogo tu." Kuna gereji zinazokubali, na kuna nyingine mbaya zaidi zinazoipasha springi moto kwa gesi mpaka ilegee na kushuka yenyewe. Ya moto sina haja ya kuieleza sana. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto la kipimo ili kiwe na ukakamavu. Ukikichoma kwa gesi umeufuta ukakamavu huo pale ulipochoma, na springi itaendelea kushuka miezi inavyokwenda, kila kona kwa kasi yake, hata gari likae upande.

Kukata kunahitaji maelezo zaidi kwa sababu kuna ukweli nusu ndani yake. Ni kweli kwamba springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi: ukiitoa mzunguko mmoja kwenye sita, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Wakataji huishia hapo. Wasichosema ni kwamba ncha ya springi ilikuwa imeviringwa ili ikae kwenye kikombe chake, na sasa hakuna ncha, kuna kipande kilichokatwa kwa grainda kinachokwaruza kikombe. Tena springi imekuwa fupi mno kwa shokapu ile. Gari likiinuliwa jeki, tairi likaning'inia, springi inabaki huru, inazunguka kwa mkono. Nyuma ya IST au Vitz springi haishikwi na shokapu, imekaa peke yake kati ya bodi na boriti, kile chuma kinachounganisha tairi mbili za nyuma. Ukirusha gari kwenye tuta na tairi likaning'inia kwa nukta moja, springi inaweza kurudi ikiwa imekaa kombo, au isirudi kabisa.

Japani, zinakotoka nyingi ya gari hizi, wakaguzi wanalijua hilo. Gari haliruhusiwi kupita ukaguzi likiwa na springi inayocheza tairi zikining'inia, na sehemu ya chini kabisa ya gari ndogo lazima iwe angalau milimita 90 kutoka ardhini. Hata huku, ukinunua gari la mtumba na ukakuta chini yake springi za kijani za kampuni ya Tein au za rangi nyingine kali, ujue mwenyewe wa kwanza alishalishusha kabla halijapanda meli. Liinue jeki, ishike springi, jaribu kuizungusha. Jaribio hilo ni la bure.

Shokapu. Springi ngumu inarudisha nguvu nyingi zaidi inapofunguka, na shokapu ndiyo inayoizuia isiendelee kurukaruka. Shokapu mpya ya kawaida inamudu springi iliyoongezwa ugumu kwa asilimia 20, ila kwa kujikaza. Shokapu iliyokwishakula kilomita laki moja haiwezi, na ikianza kuvuja mafuta ndiyo basi. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie: likipanda, likashuka na kutulia, sawa. Likiendelea kunesa, usinunue springi, nunua shokapu. Watu hufanya kinyume kwa sababu springi inaonekana na shokapu haionekani.

Kuhusu kona, sifa nyingi ni za kweli lakini zina kipimo. Ukipanda Lushoto kutoka Mombo, gari lililoshushwa kwa adabu halilali sana na usukani unajibu haraka, maana uzito umekaribia ardhi. Ukizidisha, faida inageuka. Magari haya mbele yana mkono wa chini unaoshika tairi na shokapu iliyosimama juu yake. Mkono ule kiwandani huwa umelala au umeinamia kidogo upande wa tairi. Ukishusha sana, upande wa tairi unapanda juu kuliko upande wa chasisi, na ile nukta ambayo bodi linalalia kwenye kona inashuka kwa kasi kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Gari linataka kulala *zaidi*, linazuiwa na ugumu wa springi tu. Milimita 30 kwa gari la kimo hiki ni karibu na mwisho wa busara, kwa maoni yangu, na kwa mtu wa Amani au wa barabara yoyote ya vumbi, hata hizo ni nyingi.

Kazi ya kufunga si ngumu kwa fundi mwenye kifaa cha kubania springi. Kwenye magari mengi kuna nati tatu ndogo juu ya shokapu ya mbele na moja kubwa katikati. Zile tatu zinafunguliwa ili shokapu itoke kwenye gari. Ile ya katikati haiguswi mpaka springi imebanwa kwa kifaa, kwa sababu ndiyo inayoizuia isifyatuke, na springi iliyofyatuka inavunja taya. Ukimwona kijana analegeza ya katikati kwanza bila kubana, mwambie asimame, hata kama ni mpwa wa mwenye gereji.

Jambo ambalo mafundi wazuri nao hulisahau ni bushi. Mkono wa chini umeshikwa na bushi za raba, na raba hiyo inajinyonga tairi linapopanda na kushuka. Bolti zake zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba imekazwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishuka, bushi inaishi imenyongwa usiku na mchana, na baada ya muda mfupi inachanika. Zikazwe za mwisho tairi zikiwa zimekanyaga chini. Kama hapafikiki, tairi zipandishwe juu ya mbao nene kwanza.

Kisha alaimenti. Ukishusha gari, tairi za mbele zinalalia ndani na pia zinabadili zinavyotazamana. Lawama huenda kwenye kulala, lakini kinachokula tairi haraka zaidi ni kutazamana vibaya: tairi linaburuzwa upande kila mita unayokwenda, linaliwa ndani mpaka nyuzi huku nje bado lina kashata. Endesha kwanza siku kadhaa springi zikae mahali pake, kisha upime. Nyuma kwenye boriti hakuna cha kurekebisha kwa spana, kwa hiyo pima tu ujue.

Hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Springi zimepakwa rangi ngumu, lakini jiwe likiibandua rangi kwenye mzunguko wa chini, chumvi inaingia, kutu inachimba kishimo, na springi ngumu hukatika hapohapo. Ukiosha gari, pigisha maji na kule chini.

Baada ya kufunga, kuna njia rahisi ya kupata jibu la "zinabakiza ngapi". Inua kile kifuniko cha vumbi cha shokapu ya nyuma, funga kitai chembamba cha plastiki kwenye fimbo, kikaze kiasi cha kuteleza kwa taabu, ukisukume chini kabisa mpaka kwenye mwili wa shokapu. Endesha njia zako za kila siku, matuta yote, na mzigo wako wa kawaida. Ukirudi kutazama, kitai kimesukumwa mpaka pale shokapu ilipoingia mwisho. Kikiwa mbali na raba, sawa. Kikiwa kimebanwa kwenye raba na ulikuwa peke yako ndani ya gari, springi hizo si za barabara zako. Ndiyo maana zile za zamani hupaswi kumwachia fundi: zisafishe, zifunge kwenye gunia, andika ipi ya mbele na ipi ya nyuma, uziweke stoo.