Vyumba vidogo na barabara ya Jumapili: Harajuku ulivyogeuka mtaa wa mitindo

Vijana wa Kenya na Kamalondo, komini (manispaa) mbili za jiji la Lubumbashi, Kongo, wakiuliza mtaa wa mitindo unaanzishwaje, wengi huwa wameshafikiria jengo: ukumbi, jukwaa, taa za rangi. Harajuku, mtaa wa Tokyo unaojulikana duniani kwa mavazi ya vijana, haukuanza hivyo. Ulikuwa na kituo cha treni tangu 1906, hekalu la Meiji tangu 1920, na Omotesando, barabara pana yenye miti iliyotengenezwa kuwapeleka watu hekaluni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilijenga jirani hapo nyumba za familia za wanajeshi wake, eneo likaitwa Washington Heights. Maduka ya Omotesando yakaanza kuuza vitu vya kuwavutia wageni hao. Mwaka 1964 eneo hilo likawa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki, na 1967 bustani ya Yoyogi ikafunguliwa palepale.

Wanaosimulia habari hizi huruka jambo moja. Mwaka 1957, kwa shinikizo la wakazi, Harajuku ulitangazwa kuwa eneo la elimu, na biashara za usiku zikabanwa. Mtaa ukawa wa mchana. Binti wa miaka 15 angeweza kushuka treni pale bila wazazi kuhangaika. Kamalondo imejulikana tangu zamani kwa muziki na bia, na nguo nzuri huonekana giza likishaingia. Si kosa, ila saa ndiyo inayoamua nani atafika na nani atabaki nyumbani.

Sasa vyumba. Kwenye njia panda ya Omotesando lilisimama jengo la ghorofa liitwalo Central Apartment, la 1958. Wapangaji wa mwanzo wengi walikuwa wageni; miaka ya 1960 wakaingia wapiga picha, wachoraji na watunga matangazo, nao walikutana kwenye mkahawa wa chini. Miaka ya 1970 wabunifu walipanga chumba kimoja mtaani: cherehani ukutani, meza ya kukatia katikati, nguo zinazouzwa mlangoni. Duka la nguo la Milk lilifunguliwa 1970. Magazeti ya wasichana, an·an la 1970 na non-no la 1971, yakachapa picha na mahali pa kununua, na wasomaji wakaja kwa treni wameshika gazeti mkononi. Jengo kubwa la maduka la Laforet lilikuja 1978 tu, nalo likakodisha nafasi kwa wabunifu wadogo. Jengo lilifuata watu.

Kuanzia 1977, siku za Jumapili magari yalizuiwa kupita kandokando ya Yoyogi na Omotesando. Vijana walioitwa takenoko-zoku, jina lililotokana na duka la Takenoko, walivaa suruali pana na majoho ya satini ya rangi kali, wakaweka redio ya kaseti chini na kucheza kwa duara. Baadaye zikaja bendi na jenereta zao. Hapo ndipo palipoharibika: kila bendi ilipandisha sauti ili isimezwe na jirani, takataka zikalala barabarani, magari yakasongamana mitaa ya pembeni, wakazi wakalalamika. Mwaka 1998 utaratibu huo ukafutwa.

Wakati huo vichochoro vya nyuma vilikuwa vimeshaamka. Uchumi wa Japani ulianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 1993 wabunifu wa nguo Nigo na Jun Takahashi wakafungua huko duka dogo, Nowhere. Fulana zilichapwa chache, zikaisha, watu wakapanga foleni. Mwaka 1997 mpiga picha Shoichi Aoki alianzisha gazeti la FRUiTS: picha ya kijana mmoja ukurasa mzima, na chini yake umri, kazi, na kila vazi limetoka wapi. Alilisimamisha 2017 akisema hapati tena vijana wa kutosha wa kupiga picha. Makampuni makubwa yalikuwa yameshajaa Omotesando, na kodi haikuwa tena ya mtu mwenye cherehani moja.

Kwa Lubumbashi, tafuteni mtaa ambao mafundi wa kushona wapo tayari. Mita 300 zinatosha. Takeshita, uchochoro maarufu wa Harajuku, una mita 350 hivi. Ombeni komini ifunge Jumapili, saa 7 mchana ibada zikiisha hadi saa 12 jioni, na mkubaliane mapema na madereva wa taksi-bisi wapite wapi; wasipoambiwa watapenya katikati ya watu. Anzeni Mei, mvua zikiisha. Acheni mita 3 na nusu wazi kwa ambulensi. Spika moja kila mita 50, zote zimegeuzwa upande mmoja, na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kupunguza sauti. Mifagio iwepo kabla ya spika.

Fundi asije na bidhaa nyingi. Kitenge cha yadi 6 ni mita 5 na nusu hivi. Shati la mikono mifupi hula karibu yadi 2, kwa hiyo vitenge viwili ni mashati 6: dogo 1, ya kati 3, makubwa 2. Kiloweke kitambaa, kikauke kivulini, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Pamba iliyokatwa bila kulowekwa hunywea mteja akifua mara ya kwanza, kola inabana, na Jumapili inayofuata mteja harudi. Kwa salaula, yaani mitumba, iliyoshonwa upya, kagua kwapa na kiti cha suruali kwanza. Kitambaa kikishachakaa hapo, mshono mpya hautashika.

Mpe kazi kijana mmoja mwenye simu nzuri: picha wima, mtu mzima kuanzia viatu, ukuta usio na matangazo nyuma yake, na chini jina la fundi na mahali alipo. Aombe ruhusa kwanza, na kwa mtoto amwulize mzazi.

Mkataba wa chumba uandikwe kabla watu hawajaanza kujaa. Mwenye nyumba akishaona foleni mlangoni atapandisha kodi, na atakayeshindwa ni fundi aliyeileta foleni hiyo. Ombeni miaka mitatu, kiasi cha kupanda kila mwaka kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, garanti (pesa za dhamana) ionyeshwe peke yake bila kuchanganywa na kodi, na kila upande ubaki na nakala yenye saini zote mbili.