Acheni kununua dawa za kuongeza CD4

Juzi nimeonyeshwa tena chupa. Safari hii ni unga wa mitishamba uliobandikwa karatasi isemayo "huongeza CD4 haraka". Aliyeununua ana VVU na anameza ARV zake bila kukosa, virusi havionekani kwenye kipimo, ila CD4, seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, zimetoka 612 zikafika 540 na usingizi umemruka. Ninafanya kazi maabara, mashine inayohesabu hizo CD4 nakaa nayo kutwa, na kwa kweli yamenifika shingoni.

Chanzo ni ile kauli ya mabango na vikao vya ushauri nasaha: CD4 ni askari wa mwili. Mtu akishaambiwa askari, kinachofuata ni kuuliza wako wangapi. Wakiwa wengi analala fofofo, wakipungua sabini anajiona ameshavamiwa.

Tuanze na hao sabini. Damu ikinifikia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, nachota kiasi kidogo kilichopimwa, nakichanganya na kingamwili zilizotiwa rangi za kung'aa: moja hunasa CD3, alama iliyo juu ya seli za kinga ziitwazo seli T, nyingine CD4. Seli zinapita mbele ya leza moja moja, na kwenye skrini yanajitokeza mawingu ya nukta. Wingu lenye rangi zote mbili ndilo tunalolihesabu. Hizo ni seli T saidizi zilizokuwa kwenye mshipa wa mkono wako saa ile. Limfosaiti, kundi la seli nyeupe ambamo seli T zimo, zilizomo kwenye damu ni takriban asilimia 2 tu ya zote ulizonazo. Nyingine ziko kwenye tezi za limfu, wengu na ukuta wa utumbo. Asubuhi namba huwa chini, jioni hupanda. Mafua huisogeza, ujauzito huisogeza, dawa kama prednisoloni huisogeza. Kwangu 612 na 540 ni jibu lilelile.

Na hata namba ingekuwa haitikisiki, isingekuambia seli hizo zinatambua nini. Kila seli T hubeba kipokezi cha aina yake, kilichoundwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kabla haijakutana na kijidudu chochote. Hukomaa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na huko nyingi mno hufa: zisizoweza kuisoma HLA ya mwili wenyewe, yaani protini za juu ya seli zinazoonyesha vipande vya protini nyingine, na zile zinazoushambulia mwili. Zinazotoka hazimwoni mdudu mzima hata siku moja. Zinaona kipande kifupi cha protini kilichoshikiliwa juu ya HLA, jambo ambalo Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walilifungulia njia mwaka 1974 huko Canberra, wakapewa Nobel mwaka 1996. Kwa hiyo katika laki nzima ya seli ambazo hazijawahi kupambana, pengine moja tu ndiyo inayolingana na kipande fulani cha bakteria wa TB. Na hiyo nayo bila ishara ya pili kutoka seli ya dendriti, ile inayoionyesha kipande hicho, kupitia kipokezi kingine kiitwacho CD28, hunyamaza badala ya kuamka.

Aliyewahi kupimwa Mantoux, kile kipimo cha TB cha kuchomwa kwenye ngozi ya mkono, ameuona utendaji wa seli T kwenye mkono wake. Tunasubiri saa 48 hadi 72, kisha tunapapasa kwa kidole kutafuta ukingo wa uvimbe mgumu na kuupima kwa rula; wekundu hatuujali. Ule ugumu ni seli T zenye kumbukumbu ya TB zilizoita makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, pale. Mtu mwenye CD4 chache sana anaweza kuwa na TB mwilini na mkono ukabaki laini.

Sasa linaloniudhi zaidi. Katika CD4 hizo ninazohesabu zimo pia seli T vizuizi, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine zisiuvamie mwili. Nobel ya mwaka 2025 imekwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa sababu ya hizo. Kipimo cha kawaida hakizitenganishi, zinahesabiwa humohumo. "Kuongeza CD4" maana yake kuongeza zipi?

Swali hilo lilishajaribiwa kwa watu. Mwaka 2009 yalitoka majibu ya majaribio mawili, ESPRIT na SILCAAT, ambako watu wenye VVU walipewa intalukini-2, protini inayochochea seli T kuongezeka, juu ya ARV. ESPRIT peke yake ilikuwa na washiriki zaidi ya 4,000. CD4 zilipanda kweli. Magonjwa nyemelezi na vifo havikupungua kuliko kwa waliotumia ARV tu. Wapo wanaodhani nyingi ya seli zilizoongezeka zilikuwa na tabia ya vizuizi, ubishi haujaisha. Basi kama dawa iliyozipandisha kwa hakika haikuokoa mtu, huo unga utafanya nini?

Kuna pia wagonjwa wanaoanza ARV, CD4 zinaanza kupanda, halafu homa inarudi na tezi zinavimba: kinga imezinduka ikakuta TB iliyokuwa imejificha, na inaishambulia kwa fujo.

Yako mambo ambayo vitabu hupita juu juu. Seli nyingi za CD4 zinazokufa kwa VVU hazikuwa zikizalisha virusi, na sababu hasa ya vifo vyake bado inabishaniwa. Wapo wagonjwa waliodhibiti virusi kwa miaka na CD4 zao zimekwama chini ya 350, na hatuna dawa ya kuwapa kwa hilo. Inaniumiza kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo virusi vikiwa havionekani na CD4 zikicheza juu ya 500, endelea na dawa zako. Zikiwa chini ya 200, usiulize zitapandishwaje. Uliza kama umepimwa antijeni ya kriptokokasi, fangasi anayeweza kushambulia ubongo, kwenye damu na LAM, kipande cha ukuta wa bakteria wa TB, kwenye mkojo, na kama umeanzishiwa kotrimoksazoli, ile mnayoiita septrini. Uliza siku hiyohiyo, kabla hujatoka kliniki.