Mnara wa Simu Mtaani: Kaunti Ina Mamlaka Gani?

Mara nyingi, hapa Kenya, wakazi wa mitaa kama Kondele na Migosi za Kisumu au Kaptembwo ya Nakuru hujua kwamba mnara wa simu unajengwa mtaani siku wanapoona vyuma vikishushwa kwenye lori. Baraza huitwa upesi, na swali la kwanza ni kama mawimbi yatawadhuru. Wana haki ya kuuliza. Ila sisi wa mipango miji tunasikitika kuona swali hilo likimaliza kikao kizima, kwa kuwa ndilo kaunti ina uwezo mdogo zaidi wa kuliamua. Yale ambayo kaunti ina uwezo nayo hayaguswi.

Masafa ya mawimbi na leseni ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano. Urefu wa mnara hupitishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na athari kwa mazingira hukaguliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kaunti inashika matumizi ya ardhi. Katiba ya 2010 inaipa jukumu la mipango, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna ujenzi unaoanza bila idhini ya waziri wa kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo mnara ukae wapi, uwe umbali gani na mpaka wa jirani, ua wake uweje na lori la dizeli ya jenereta yake lipite njia ipi, hayo yote yanapaswa kuandikwa kwenye kanuni za matumizi ya ardhi za Nakuru, Kisumu au Kakamega kabla ombi la kwanza halijafika mezani.

Ugumu ni kwamba mji ukigawanywa kuwa makazi, biashara na viwanda, mnara hautoshei popote, maana unahitajika kote. Masafa ya megahezi 900 hufika mbali. Yale ya 1800 na 2600, yanayobeba intaneti ya kasi, hayafiki mbali hivyo na huzuiwa zaidi na kuta. Watu wakiongezeka, mitambo nayo husogezwa karibu, hadi juu ya paa za fleti. Kanuni inayofukuzia minara yote eneo la viwanda itawaacha watu wa Nyalenda bila mtandao, au itavunjwa kimyakimya. Ni afadhali kanuni ikubali mitambo midogo kwenye makazi kwa masharti, na imtake mwombaji aonyeshe kwanza kwamba hakuna mnara uliopo anaoweza kushiriki na kampuni nyingine.

Sasa kuhusu mawimbi. Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama eksirei. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa inayoweka viwango vya usalama vya mawimbi, kwa umma kwenye megahezi 900 ni wati 4.5 kwa kila mita mraba. Shirika la utafiti wa saratani la IARC, mwaka 2011, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, ingawa ushahidi ni finyu. Nguvu yake hupungua haraka kwa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, inabaki robo. Tena antena hurusha mbele, karibu usawa wa upeo wa macho, hivyo anayekaa chini kabisa ya mnara hupata kidogo.

Wa kuangaliwa ni mwingine. Chukua antena iliyofungwa juu ya jengo la ghorofa nne, kisha ploti ya jirani ikainuka hadi sita. Antena iliyokuwa ikitazama hewa tupu sasa inatazama dirisha la chumba cha kulala. Kaunti ndiyo iliyoidhinisha fleti hiyo, na mara nyingi hakuna aliyeuliza kuhusu antena. Hapa ndipo ningependa kanuni mpya zianzie: ombi lolote la kuongeza ghorofa karibu na antena lisipite mpaka umbali wa usalama upimwe.

Jenereta nayo isisahauliwe. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, na jenereta isiyofunikwa huvuka hapo bila shida. Hoja ya namna hii hupimwa kwa kifaa, na mwenye mnara hawezi kuikwepa.

Sheria ya 2019 inamlazimu mwombaji kutangaza mradi na kualika pingamizi. Wakati huohuo, mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Ofisi inayokalia faili kwa kuogopa kelele za wakazi inawanyima wakazi haohao nafasi yao. Marekani, sheria ya mawasiliano ya 1996 haiziruhusu serikali za mitaa kukataa mnara kwa sababu ya mawimbi yaliyo ndani ya viwango, lakini huzitaka zikikataa ziseme kwa maandishi. Sharti hilo la maandishi tungeliweka hata pale idhini inapotolewa.

Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya mipango ya kaunti iliyoundwa na Sheria hiyo ya 2019, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nenda na nakala ya tangazo, picha ya eneo, na umbali kutoka mpaka wako ukiwa umepimwa kwa mita.