Morris Minor: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

"Hiyo si ndiyo Mini ya zamani?" Swali hili huulizwa kila inapopita Morris Minor, gari dogo la zamani la Kiingereza, na jibu ni hapana. Magari yote mawili yalibuniwa na Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Lakini Minor ilianza kuonyeshwa London, kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court, Oktoba 1948. Mini ilikuja 1959. Fundi akiinama tu ataona tofauti: Mini huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake imelazwa kwa upana. Minor ina propela shafti inayopeleka nguvu nyuma. Wala mdogo hakumfukuza mkubwa, maana yaliuzwa sambamba kwa zaidi ya miaka kumi.

Wengine hudhani jina hilo lilianza na gari hili la mviringo. Kulikuwa na Morris Minor nyingine kuanzia 1928 hadi 1934, ya umbo la sanduku. Ni gari jingine kabisa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba kwa kuwa lilikuwa gari la bei nafuu, basi lilitengenezwa ovyoovyo. Tazama kilichowekwa ndani yake mwaka 1948: bodi inayojibeba yenyewe badala ya kukalia chasisi nzito, usukani wa reki (upau wenye meno unaogeuza magurudumu) unaoitikia mkono mara moja, na magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Magari mengi ya familia ya Uingereza wakati huo hayakuwa na mambo hayo. Kilichokuwa dhaifu ni injini. Issigonis alitaka mpya, ila akapewa ya zamani ya cc 918, iliyotoka kwenye Morris ya kabla ya vita. Kwa hiyo anayesema Minor za mwanzo zilikuwa nzito kuondoka anasema kweli. Anakosea akisema hazikushika barabara. Baada ya kampuni za Austin na Morris kuungana mwaka 1952, injini ilibadilishwa ikawa ya cc 803, kisha 948 mwaka 1956, na hatimaye 1098 mwaka 1962.

Na je, ni kweli wakubwa wa kampuni waliipenda tangu siku ya kwanza? Hata kidogo. Lord Nuffield, mwenye kampuni, alilifananisha na yai lililopikwa majini bila ganda. Issigonis mwenyewe pia hakuridhika na sampuli yake. Aliiona nyembamba mno, akaamuru ikatwe katikati kwa urefu, kisha nusu mbili zikasogezwa mbali hadi macho yake yakakubali. Nafasi iliyopatikana ilikuwa kama sentimita 10. Bampa zilikuwa zimeshatengenezwa, ikabidi zikatwe na kuungwa kwa kipande cha katikati. Tazama boneti ya Minor yoyote: ule utepe bapa unaopita katikati ndio alama ya ule mkato. Mimi sijui gari jingine linalobeba historia yake usoni waziwazi hivi.

Gari hilo la "yai" ndilo likawa la kwanza la Kiingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Kuadhimisha hilo, yalitolewa magari machache ya rangi ya zambarau hafifu, ambayo wapenzi wa Minor wanayasaka hadi leo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, utengenezaji ulipokoma, zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 1.6.

Imebaki dhana ya mbao, nayo ni ya hatari kwa mnunuzi. Traveller, Minor yenye sehemu ya nyuma ya mizigo iliyoanza 1953, ina fremu ya mbao za mti uitwao ash. Watu huziona kama pambo. Si pambo: ndizo zinazoshika paa, vioo vya pembeni na milango ya nyuma. Zikioza, bodi imelegea, na Uingereza gari la namna hiyo linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi. Vanishi mpya huficha mengi. Kwa hiyo ukienda kutazama Traveller inayouzwa, bonyeza kwanza mbao za chini ya madirisha na kwenye maungio kwa ncha ya bisibisi, kabla hata hujaomba kufunguliwa boneti.