Kuvuta Boti kwa Gari Ndogo: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuondoka

Si jambo la ajabu hapa Unguja kukutana na gari ndogo, ya aina ile inayopeleka watoto skuli asubuhi, ikivuta tela lenye boti ya faiba iliyo ndefu kuliko gari yenyewe. Boti hupandishwa Nungwi, Mkokotoni au Kizimkazi ili ikafanyiwe matengenezo, na mwenye nayo, kwa kubana gharama, hufunga tela nyuma ya gari aliyonayo. Wengi huuliza kama injini itauweza mzigo huo, na mara nyingi huuweza, kwa kuwa hata injini ndogo ikiwa katika gia ya chini hukokota kitu kizito kwenye barabara tambarare. Linalostahili kuulizwa mwanzo ni kama breki zitausimamisha.

Tuchukue gari yenye uzito wa kilo 1,100. Tela la chuma likiwa na kilo 250, boti kilo 500 na mashine ya farasi 40 karibu kilo 70, ukiongeza mafuta, nanga, kamba na nyavu zilizosahauliwa ndani, mzigo wote hufika kilo 900. Ikiwa tela limechomelewa mtaani bila ya breki zake lenyewe, breki zilizoundwa kwa gari na abiria wake sasa zinazuia karibu tani 2. Mwendo nao huzidisha tatizo, kwani ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kazi ya breki huongezeka mara 4 wala si mara 2. Uingereza hairuhusu tela lisilo na breki kuzidi kilo 750, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari inayolivuta. Kwa kipimo hicho gari yetu ingeishia kilo 550. Na zipo gari ndogo ambazo kitabu chake kinasema wazi kwamba hazikukusudiwa kuvuta tela kabisa.

Kwa ndugu zetu wa Pemba, ambako barabara hupanda na kushuka vilima, breki zinazokanyagwa mteremko mzima hupata moto na kupoteza nguvu. Dereva aingize gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko. Gari za otomatiki, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa zinazoagizwa kutoka Japani, zina dhara jengine: mafuta ya giaboksi huchemka na kuungua kwa kukokota mzigo muda mrefu mlimani, na uharibifu huo huonekana baadaye, wakati mwenye gari ameshaisahau safari.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni mahali uzito unapokaa. Mashine ya boti huning'inia nyuma kabisa, na kila kilo iliyo nyuma ya ekseli ya tela, yaani chuma kinachobeba magurudumu, huinyanyua ncha ya mbele ya tela. Ncha ikiwa nyepesi, tela huanza kucheza kushoto na kulia, na likizidi huivuta gari pamoja nalo. Mashine ivuliwe na ilazwe mbele ya ekseli, au boti isogezwe mbele, mpaka ncha ikae juu ya gari kwa uzito usiopungua sana asilimia 7 ya mzigo wote, ilimradi kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa gari kisipitwe. Kupima ni rahisi: tela likiwa limesimama sawasawa, egemeza ncha yake juu ya mizani ya aina ile inayopimia magunia ya karafuu. Tela likianza kuyumba njiani, ondoa mguu kwenye mafuta polepole na ushike usukani ukiwa umenyooka. Kukanyaga breki kwa ghafla au kujaribu kulirekebisha kwa usukani huongeza kuyumba.

Kiungo kinacholishika tela nacho kifungwe kwenye chesi, yaani fremu ya chini ya gari, kamwe si kwenye bampa. Kile kijicho cha chuma chini ya gari ni cha kufungia kamba gari inapokwama, hakikuundwa kubeba tela. Vichwa vya duara vya kiungo, ambavyo kikombe cha ncha ya tela hukaa juu yake, vikiwa vya kipimo cha Ulaya vina upana wa milimita 50, na baadhi ya vile vya Marekani vina milimita 47 na ushei. Kwa macho havitofautiani, lakini kikombe cha kikubwa huchomoka juu ya kidogo kwenye shimo la kwanza. Minyororo miwili ipishane chini ya kiungo, ili ncha ikichomoka iangukie juu yake badala ya lami.

Mzigo mwepesi pia una hatari yake. Tangi tupu la lita 5,000 halina uzito wa kutisha, ila ni pana, huziba vioo vya pembeni na hukamata upepo wa kusi ubavuni. Pembezoni mwa barabara zetu wapo waendesha baiskeli na watoto wanaotoka chuoni, nao huhukumu nafasi kwa upana wa gari, si wa kitu kinachoifuata.

Kukodi kenta mara nyingi huwa nafuu kuliko giaboksi mpya. Na kwa boti ambayo bado inaelea, subirini maji yajae, ivutwe na boti nyengine mpaka Mjini kwa njia ya bahari.