Jeni ni nini? Tuanze na paka wa Lamu

Asubuhi, ukishuka vichochoro vya mji wa Lamu kuelekea sokoni kwenye samaki, hukosi paka njiani. Wapo weusi tititi, wapo wa rangi ya chungwa, na wapo wenye mabaka ya rangi tatu: nyeusi, chungwa na nyeupe. Juzi mpwa wangu alinionyesha mmoja wa hao. "Mjomba, huyu dume au jike?" Sikuinama kumtazama. Nikamjibu ni jike, na nilikuwa na hakika karibu kamili.

Nilijuaje? Kwa jeni.

Mwili umejengwa kwa seli, na seli nyingi zina kiini. Ndani ya kiini mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Binadamu ana 46, 23 za mama na 23 za baba. Kila uzi ni DNA, yaani maandishi marefu mno yenye herufi nne tu: A, T, G na C. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani, aghalabu protini. Jeni za protini kwa binadamu ni kama 20,000.

Mfikirie fundi wa kofia mwenye kiolezo asichokitoa nyumbani. Mshonaji hupewa nakala. Seli nayo hufanya hivyo: DNA hubaki kiinini mwake, nakala iitwayo RNA hutoka nje, na huko husomwa herufi tatu tatu. Kila tatu huita asidi amino moja, nazo hutungwa moja baada ya nyingine kama shanga mpaka protini ikamilike.

Sisi huku twasema mtoto "ana damu ya kwao". Ni maneno matamu, lakini chembe nyekundu za damu zikishakomaa hazina kiini, kwa hiyo hazina jeni hata moja! Daktari akitaka DNA kwenye damu, huipata katika chembe nyeupe.

Herufi moja ikibadilika, mambo yaweza kugeuka. Katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, A moja ikiwa T, asidi amino moja hubadilika, na chembe nyekundu huweza kujikunja kama mundu. Ndiyo selimundu. Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, mwenye nakala moja iliyobadilika kwa kawaida haugui, tena hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ilikita mizizi. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba, kwa sababu nimesikia mtu akidai kwamba mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Si hivyo. Hesabu huanza upya kila mara.

Sasa turudi kwa paka. Jeni ya rangi ya chungwa imo kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, dume ana X moja na Y. Jike akiwa bado kiinitete kichanga, kila seli huzima X moja, hii au ile, kwa bahati tu, na seli zote zinazozaliwa kutokana nayo hufuata uamuzi huo. Palipobaki X yenye chungwa, baka la chungwa. Palipobaki nyingine, baka jeusi. Weupe ni kazi ya jeni nyingine. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na wa Marekani walichapisha chanzo chenyewe: kipande cha DNA cha herufi kama 5,000 kimekosekana, na jeni iliyo karibu nacho huwaka ndani ya seli za rangi, mahali ilipopaswa kunyamaza.

Dume mwenye X moja hana cha kuchanganya: ama chungwa, ama nyeusi. Mara chache sana huzaliwa dume mwenye X mbili na Y, naye huweza kuwa na rangi zote tatu. Nilimweleza hayo mpwa wangu, na tangu siku hiyo kila paka wa mabaka matatu anayepita barazani humwinua mkia.